Maktaba Iliyosema Ndiyo

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi, mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike "kidogo tu" kuhusu miaka yangu ya kazi. Saa ilisimama kabla sijafika nyumbani, kwa hiyo muda ninao. Habari za vyeo nitaziruka. Vyeo vilikuwepo, viliandikwa kwenye karatasi nzuri, na panya wa Mushaki wanazijua karatasi hizo kuliko mimi. Mishahara nayo tuiache, msije mkadhani naandika ngano. Nitawaeleza mashini, yaani kompyuta, mama mmoja aliyenifundisha kazi, na kosa moja. Makosa yangu yalikuwa mengi, lakini hili njo, kama tusemavyo kwetu badala ya ndilo, lilinikondesha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa la Mushaki, milimani Masisi, dirisha likitazama ng'ombe. Kazi yetu ilikuwa orodha. Vita ilipofika kijijini watu walikimbia ovyo, mama upande huu, mtoto upande ule, na baadaye kila mmoja alikuwa akimtafuta mwenzake bila kujua aanzie wapi. Sisi tuliandika majina ya wanaotafuta na ya waliookotwa, tukayalinganisha, na kila wiki orodha ilisomwa kwenye redio. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Mama Anjelani, karani wa zamani aliyejifunza kupiga taipu kwenye mashini za chuma. Alikuwa akigonga kibodi kwa nguvu ileile, na kibodi zetu hazikuzeeka.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya meza yake.

"Papa Bauma, unajua mashini?"

"Ndiyo, Mama."

"Majina ya Kihunde na ya Kinyarwanda, unajua namna banaandika?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kupikia bantu mia mbili bugali, unajua?"

"Ndiyo, Mama."

Akavua miwani. "Weye ni muongo, ao unaniogopa?"

Nikamwambia kidogo yote mawili. Hakucheka. Alisema, "Unaona? Njo vile bantu bote banafanya mbele ya hii meza. Muntu mwenye alikimbia vita, ukimuuliza kitu, atakuambia ndiyo. Alisema ndiyo ku bariera zote za maaskari njiani, njo maana alifika. Sasa anaona meza, anaona muntu na kalamu, anasema hii ni bariera ingine. Usimuandike mpaka akuambie hapana. Hata moja."

Nilidhani ni maneno tu, mpaka nilipomwona akifanya. Baba mmoja wa kijiji cha Bihambwe, mkulima wa maharagwe, alikuja kutafuta wanawe wawili. Mama Anjelani aliandika majina yao kwenye karatasi ya kando, akauliza hili na lile, kisha akasema kwa upole kabisa, "Na ule Petronila, alikuwa na miaka ngapi?" Petronila hakuwepo. Hakuna aliyemtaja. Yule baba akajibu, "Mitano, Mama." Mama Anjelani akaweka kalamu chini, akamletea chai, akamwuliza habari za maharagwe kwa nusu saa, akaanza upya. Mara ya pili yule baba alishtuka: "Petronila gani? Hapana, Mama, miye sina Petronila!" Hapo njo akaandikwa. Swali hilo tuliliita swali la hapana, na halikuwahi kukosekana katika kazi yetu isipokuwa mara moja, nami njo niliyelikosesha.

Sasa mashini. Orodha zetu tuliziandika kwa programu iliyoitwa Kalamu. Haikuwa programu nzuri sana, lakini ilikuwa na fishi, kadi ya kila mtu: ukifungua jina, unapata nafasi ya umri, kijiji, mahali alipoonekana mwisho, na nafasi ya alama ya kumtambua. Mtaniuliza kwa nini hatukutafuta programu nyingine. Kwa sababu Mama Anjelani alichukua miezi mitatu kuizoea Kalamu, na hakuwa mtu wa kuzoea mara mbili.

Kisha watu wenye silaha walipita Mushaki wakaondoka na mashini zetu zote tatu. Waliacha panya za kompyuta, sijui waliziogopa. Wafadhili wakatuletea mashini ndogo mbili, imara, zisizokula umeme: bamba moja la jua na betri moja ya gari vilitosha. Zilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani na basi. Hazikuwa na picha, wala madirisha, wala kile kimshale mnachokisukuma mkono mzima. Moyo wa mashini hizo pia ulikuwa wa aina nyingine, kwa hiyo Kalamu yetu ya zamani haikuweza kukaa humo. Ilibidi nichukue maandishi yake ya asili, niliyokuwa nayo kwenye sidi, niijenge upya ndani ya mashini mpya. Nilisema nitafanya. Mama Anjelani aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo, nikasema ndiyo.

Jua lilipochomoza juu ya malisho nilianza ujenzi. Mashini ilisaga asubuhi nzima. Saa nane mchana iliandika mstari mmoja, kwa lugha yake, kwamba maktaba ya madirisha haipo na kwamba inaacha. Kwa wasio wa kazi hii: maktaba ni rundo la kazi zilizokwisha kufanywa na wengine, ambalo programu huliazima ili isianze kila kitu upya. Kalamu haikujua kuchora dirisha yenyewe. Ilimwomba mwenzake achore, na mwenzake hakuwepo.

Ninyi leo mnaandika amri moja na maktaba zinashuka kama mvua ya mwezi wa nne. Mimi maktaba zangu zilikuja kwa lori. Papa Kambale, mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki mwenye rozari kwenye kioo cha gari, alikuwa akishuka Goma na kupanda na sabuni, chumvi na mafuta. Nilimpa flashi, binamu yangu Goma alipakua nilichoandika kwenye kikaratasi, na wiki iliyofuata flashi ilirudi ndani ya katoni ya sabuni. Niliweka maktaba ya madirisha, nikasubiri jua, nikajenga. Maktaba ya madirisha ikasema inataka maktaba ya herufi. Wiki nyingine. Maktaba ya herufi ikataka maktaba ya picha. Wiki nyingine, na siku hiyo njia ya Sake ilikuwa imefungwa, kwa hiyo sema mbili. Maktaba ya picha ikataka maktaba ya kukunja na kukunjua faili. Hiyo nayo ilipofika, ikasema maktaba ya madirisha niliyoiweka mwanzo imezeeka, nilete mpya.

Nilikaa chini kwenye majani karibu na ng'ombe. Mama Anjelani, ambaye muda wote huo alikuwa akiandika kwa mkono, alitoka nje kunitazama.

"Papa Bauma, ile mashini iko na madirisha?"

"Hapana... hapana, haina, Mama."

"Sasa juu ya nini unaleta fenicha mu nyumba haina mulango?"

Nilikasirika sana, maana alisema kweli. Mwezi mzima nilikuwa nimefuata kila kilichoombwa bila kuuliza kinaombewa nini. Vijana, hapa andikeni: kabla hamjaenda kutafuta maktaba iliyopotea, someni programu inaiomba kufanya nini hasa. Nilifungua maandishi ya Kalamu, nikahesabu. Iliiomba maktaba ya madirisha mambo thelathini na moja tu. Fungua dirisha. Badilisha rangi. Onyesha kile kipicha cha kalamu. Piga kengele. Muulize mtumiaji swali. Sehemu ya kuandika maneno yenyewe haikuhitaji dirisha lolote.

Basi nikafikiri: nitaitengenezea Kalamu maktaba bandia. Maktaba yenye majina yaleyale thelathini na moja, lakini ndani hamna kitu. Kalamu ikisema "fungua dirisha", bandia inajibu "ndiyo, nimefungua", haikufungua chochote, na kazi inaendelea. Ni ufundi halali, hata leo unafanywa, na sikuutoa kwenye kitabu. Niliutoa kwa Papa Kambale. Nilipanda naye lori mara moja kutoka Sake, na kwenye bariera ya tatu askari mmoja alichungulia ndani.

"Umebeba sabuni?"

"Ndiyo, chefu."

"Huyu ni mutoto wako?" Nilikuwa na miaka arobaini na mbili.

"Ndiyo, chefu."

"Unanijua miye ni nani?"

"Ndiyo, chefu."

Kamba ikashushwa. Nikamwuliza Papa Kambale yule ni nani. "Nitajuaje?" akasema. "Ku bariera, kaka, 'hapana' inapiga muntu risasi. 'Ndiyo' inapita."

Kwa hiyo nilipoandika maktaba yangu, kila jibu kati ya yale thelathini na moja niliweka moja. Kwa mashini, moja ni ndiyo na sifuri ni hapana. Nilijenga siku ya jua kali. Ilipofika saa tisa, Kalamu ilifunguka kwenye kioo cheusi, fishi zake zote zikiwepo, herufi za kijani. Mama Anjelani aligonga jina lake mwenyewe, akalitazama, akasema, "Eeh." Nilifurahi siku tatu kwa hiyo eeh.

Mashini moja ilibaki Mushaki. Ya pili nilipewa mimi, nikapelekwa Mubi, upande wa Walikale, kwa ndege ndogo iliyozoea kutua barabarani, mbuzi wakiisha kufukuzwa. Mubi ni mji wa njia ya msitu: maduka, pikipiki, malori ya matope, na watu wanaokwenda au wanaotoka kwenye machimbo. Watoto waliopotea milimani Masisi walikuwa wakitokea huko baada ya wiki nyingi msituni, wakishikwa mkono na mtu asiyewajua. Parokia ilinipa kona yenye meza, bamba langu la jua juu ya paa, na jirani yangu alikuwa fonia, ile redio ya kusema na parokia nyingine. Fonia ina tabia mbili: anasema mmoja kwa wakati, ukimaliza unasema "nakuachia", ukiachia kitufe njo mwenzako anajibu, na kila mwenye fonia nchi nzima anawasikia.

Msichana mdogo, Riziki, aliletwa siku ya soko, na muuza mihogo aliyemkuta njiani na kundi la watu wa Bihambwe ambao hawakumfahamu. Alikuwa na miaka sita hivi. Jina lake alilisema mwenyewe, mara moja, halafu akafunga mdomo. Nilimwuliza kama ametoka Bihambwe, akasema ndiyo. Kama baba yake yupo, ndiyo. Kama baba yake alikufa, ndiyo. Nikamwuliza swali la hapana: "Unaitwa Petronila?" Akanitazama kwa macho makavu. "Ndiyo." Nilimpa chai, nikamwuliza habari za maharagwe. Kesho yake alikuwa Petronila tena. Hakulia hata siku moja, na hilo njo lilinitisha kuliko yote.

Siku ya nne alikuja mwanamke mwenye kikwembe kipya cha kitenge. Alikuwa na kioski cha chakula huko machimboni na alihitaji wa kuchota maji, hilo alilisema yeye mwenyewe bila aibu. Lakini alisema pia kwamba yeye ni shangazi wa Riziki. Alikuwa na vitumbura vya moto, maandazi ya huko, ndani ya karatasi.

"Miye ni shangazi yako, si vile?"

"Ndiyo," akasema Riziki, akapokea kitumbura.

Chefu wa mtaa, mtu mnene mwenye haraka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi. "Mutoto amesema ndiyo. Munataka nini tena?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilisema tu, "Ndiyo, chefu, lakini tutazame orodha kwanza." Akatupa mpaka Jumapili baada ya misa. Jumatatu yule mwanamke alikuwa akipanda machimboni, na mtoto akiisha kupanda kule, mimi sijawahi kuona aliyerudi kwa sababu ya orodha.

Alhamisi ndege ilileta flashi na barua fupi ya Mama Anjelani. Aliandika kwamba vita imerudi Mushaki, ofisi haipo tena, mashini imekwenda, na daftari zake zote zilitiwa motoni na watu waliotaka kupika. Wamekimbilia karibu na Sake. Alichoweza kutoka nacho ni flashi hii, ndani ya nywele zake. Humo kuna wazazi wote wa Bihambwe wanaotafuta, kurasa kumi na tisa. "Uichunge sana, Papa Bauma. Hakuna ingine."

Kama mama wa Riziki yumo, alama yake imo. Nilitia flashi kwenye mashini. Nilikuwa na orodha yangu ndogo ya watoto wa Bihambwe waliookotwa, ukurasa mmoja, na nikaona heri niihifadhi kwenye flashi kwanza ili vyote viwe pamoja, ndipo nisome kwa utulivu. Orodha yangu niliiita Bihambwe. Ya Mama Anjelani nayo, kwa sababu sote wawili tulikuwa watu wa mpango, iliitwa Bihambwe.

Kalamu ya zamani, ile yenye madirisha, ingetoa kidirisha na kuuliza: orodha yenye jina hili ipo, niifute niweke hii? Ingengoja. Kalamu yangu iliuliza vilevile. Iliiuliza maktaba bandia. Maktaba bandia, kwa adabu niliyoifundisha mwenyewe, ikajibu ndiyo, chefu.

Mashini haikusema neno. Nilifungua flashi nisome kurasa kumi na tisa, nikakuta ukurasa mmoja, na jina la mwisho ni Riziki. Nilifunga nikafungua tena. Nikakaa sakafuni. Mtaniuliza kuhusu zile programu za kurudisha kilichofutwa. Nilikuwa nayo moja kwenye sidi. Niliijaribu. Ilitaka maktaba ya madirisha.

Niliona haya kwenda kwenye fonia, nikaenda. Nilimweleza Mama Anjelani yote, na nchi nzima ikisikiliza.

"Weye mwenyewe uliifundisha mashini kusema ndiyo? Nakuachia."

"Ndiyo, Mama. Nakuachia."

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Akasema, "Bantu ba Bihambwe banalala mu masomo hapa, mu shule, darasa kwa darasa. Nitapita. Ule mutoto usimuachilie. Na ile mashini yako, uifundishe kingine."

Ijumaa palikuwa na manyunyu na bamba lilipata jua la kuombaomba. Nilifungua maktaba yangu mstari kwa mstari. Mambo thelathini niliyaacha yalivyo, maana dirisha lisilokuwepo likisema limefunguka halimdhuru mtu. Lile la thelathini na moja, la kuuliza swali, nililiandika upya: swali litokee kwenye kioo kwa herufi za kijani, mashini ingoje kidole cha mtu, na kama hakuna kidole, jibu liwe sifuri. Ujenzi ulikwisha Jumamosi jioni betri ikiwa inakata roho. Kazi nzima ilikuwa mistari minane. Orodha ya kurasa kumi na tisa Mama Anjelani aliirudia baadaye, mtu kwa mtu, wiki tatu kwa miguu. Majina kumi na manne hatukuyapata tena. Ningekuwa na hayo kumi na manne, hii kumbukumbu nisingeiandika.

Jumapili misa ilitoka. Chumba cha fonia kilijaa: chefu kwenye kiti cha pekee, mwanamke mwenye kikwembe kipya na mzigo wake umekwisha kufungwa, Riziki katikati yao na vitumbura vyake. Saa tano fonia ikaita. Mama Anjelani alisema amepata mwanamke wa Bihambwe anayetafuta mtoto wa kike aitwaye Riziki, na kwamba amesimama pale pembeni yake. Nilimkaribisha mtoto kwenye fonia, nikashika kitufe mimi.

Sauti ilikuja imekauka, imechakaa. "Riziki? Unanisikia? Ni mama."

"Ndiyo," akasema Riziki, vilevile kama siku zote.

Chefu akainua mikono. "Na huyu amemujibu ndiyo! Sasa mulete kisu ya Sulemani, tukate mutoto, twende tukakule."

Mama Anjelani alikuwa amesikia. "Mama Riziki, usimuulize kitu ya ndiyo. Umuulize kitu ya hapana. Nakuachia."

Fonia ikachemka. Nilifikiri yule mama hakuelewa, au analia. Kisha sauti ikaja tena, polepole.

"Riziki. Solange alikuwa dada yako?"

Mtoto aliacha kutafuna. Alilitazama lile sanduku la fonia kama mtu aliyesikia upuuzi mkubwa. Nilibonyeza kitufe.

"Hapana," akasema.

Niliendelea kubonyeza.

"Hapana! Solange ni mbuzi." Nikaachia kitufe.

"Mbuzi ya mapembe mbili?"

"Hapana, Mama! Moja! Ile ingine ilivunjika ku mulango, ulimupiga weye!"

Alimkaripia mama yake mbele ya nchi nzima, na nchi nzima ilicheka. Nilizisikia parokia nyingine zikicheka ndani ya kelele. Mwanamke mwenye kikwembe kipya alisimama, akaweka vitumbura vilivyobaki mbele ya mtoto, akachukua mzigo wake akatoka. Sikumchukia. Mtu yeyote angechoka kuchota maji peke yake.

Riziki sasa alikuwa amenishika mkono wa kitufe kwa mikono yake miwili. "Mama, Solange iko na weye?"

Niliogopa hapo kuliko wakati wowote wa vita ile. Mtu angesema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo.

"Hapana, mwanangu," ikasema fonia. "Solange hayuko tena. Niko miye tu."

Riziki alilia. Alilia kwa sauti ya mtoto wa miaka sita, kinywa wazi, kitumbura mkononi, kilio cha majuma yote yale ya msituni. Nami nililia, na sitawaambia ni vumbi, Mubi haina vumbi, ina matope. Alhamisi ndege ilimchukua kwenda kwa mama yake, lakini hayo ni ya Alhamisi. Jumapili ile Mama Anjelani alingoja kilio kipungue, akasema, "Papa Bauma, zile hapana umezisikia. Sasa muandike. Nakuachia."

Nilikaa kwenye mashini yangu, mtoto pajani. Kwenye fishi yake, mahali pa alama, niliandika: Solange, mbuzi, pembe moja, hayuko tena. Nikabonyeza kuhifadhi. Herufi za kijani zikatokea: orodha yenye jina hili ipo, niifute niweke hii? Zikangoja.

Chefu alikuwa ameinama juu ya bega langu, njaa ikimuuma. "Uijibu ndiyo, twende."

"Hapana, chefu," nikasema.

Alinitazama, nami nikamtazama. Kisha nikabonyeza sifuri, nikaipa orodha jina jingine, na chefu akaenda kula peke yake.